Penye Wengi Pana Mengi: Umati na Vitisho vya Halloween katika Bustani za Burudani

Halloween huadhimishwa Oktoba 31. Sikukuu hiyo ilifika Marekani pamoja na wahamiaji kutoka Ireland na Scotland, na kwa miaka mingi ilikuwa shughuli ya mtaani: watoto wakipita nyumba hadi nyumba kuomba peremende, maboga yaliyochongwa sura yakiwekwa mlangoni, na hapa na pale chama cha hisani kikigeuza ghala kuukuu kuwa nyumba ya mizimu ili kuchangisha fedha. Tangu miaka ya 1970 bustani kubwa za burudani zimeifanya kuwa biashara ya msimu mzima. Jua likizama, viwanja vilivyojaa familia mchana hufunikwa na moshi, muziki hubadilishwa, na waigizaji waliopakwa damu ya bandia hujificha kwenye kona.

Katika usiku kama huo bustani huuza vitu viwili. Cha kwanza ni vitisho vyenyewe, ambavyo hupangwa, hufanyiwa mazoezi na kulipiwa. Cha pili ni hali ya mahali: mayowe yanayosikika kwa mbali, kundi linalotimua mbio likicheka, wasiwasi wa wanaosubiri zamu yao. Hali hiyo huletwa na wageni wenyewe. Kwa hiyo kila badiliko la bei, la idadi ya usiku au la masharti ya kuingia hubadilisha aina ya watu wanaokuja, na watu wakibadilika, usiku nao huwa mwingine.

Mwanzo katika shamba la beri

Chimbuko la usiku huu ni Buena Park, kusini mwa California. Walter na Cordelia Knott walianza hapo katika miaka ya 1920 kwa kuuza beri kando ya barabara. Mwaka 1934 Cordelia alianza kuwapikia wasafiri kuku wa kukaanga, na foleni ya walaji ikawa ndefu kiasi kwamba mwaka 1940 mumewe alianza kujenga kijiji cha maonyesho, mfano wa miji ya wachimba madini iliyohamwa na wenyeji wake, ili wanaosubiri meza wapate cha kutazama. Kijiji hicho, kilichoitwa Ghost Town, ndicho kilichokuja kuzaa bustani ya Knott's Berry Farm.

Mwaka 1973 bustani hiyo iliandaa Halloween kwa usiku 3 tu. Mandhari ilikuwepo tayari: nyumba za mbao, vichochoro vyembamba, taa hafifu na gari la moshi la mgodini. Kilichobaki ni moshi, vinyago, na wafanyakazi waliokuwa tayari kurukia watu gizani. Kivutio kikuu kilikuwa Larry Vincent, mtangazaji wa filamu za kutisha katika televisheni ya Los Angeles, aliyejulikana kwa jina la Sinister Seymour. Katika miaka ya 1980 nafasi ya namna hiyo ilichukuliwa na Cassandra Peterson, ambaye watazamaji walimjua kama Elvira.

Sababu ya kuanzisha jambo hilo ilikuwa ya kihasibu. Shule za Marekani zikifunguliwa baada ya likizo ya kiangazi, familia hutoweka bustanini, na kati ya Septemba na Krismasi mitambo hubaki na wageni wachache. Usiku wa Halloween uliwezesha eneo lile lile kuuzwa mara mbili kwa siku moja: bustani ilifungwa jioni, wageni wa mchana wakatolewa, kisha malango yakafunguliwa tena kwa wenye tiketi nyingine.

Waliokuja ni vijana wa maeneo ya jirani: wanafunzi wa sekondari na vyuo, wachumba, marafiki waliopakiana katika gari moja. Wengi walikuwa wameijua bustani hiyo tangu utoto wao, na hilo lilikuwa na uzito mkubwa. Mtaa unaoutambua kwa jua hutisha zaidi unapoukuta hauonekani kwa moshi. Tena, waigizaji wengi walikuwa rika moja na wageni, mara nyingi wakitoka shule zile zile, hivyo kutishana kulikuwa na ladha ya utani. Ghost Town ndiko ulikozaliwa mchezo wa kuteleza: mwigizaji aliyevaa kinga za magoti zenye chuma hukimbia, hujitupa chini na kuteleza juu ya sakafu ngumu hadi miguuni mwa mgeni, cheche na mlio wa chuma vikimtangulia. Mchezo huo uliigwa na bustani nyingi baadaye.

Universal na Disney: makundi mawili ya wageni

Universal Studios Hollywood ilijaribu Halloween mwaka 1986, lakini mfanyakazi mmoja aliyekuwa akiigiza aliuawa kwa kugongwa na gari la kutembezea wageni, na jaribio hilo likasimama kwa miaka kadhaa. Mafanikio ya kampuni hiyo yalitokea upande wa pili wa nchi. Universal Studios Florida ilifunguliwa Orlando mwaka 1990, na mwaka uliofuata ikaandaa usiku 3 ulioitwa Fright Nights, wenye nyumba moja tu ya vitisho. Mwaka 1992 tukio likapewa jina la Halloween Horror Nights, linalotumika hadi leo. Hollywood ilirejea kwa uthabiti mwaka 2006.

Disney ilichukua njia yake. Oktoba 31, 1995, bustani ya Magic Kingdom, pia Orlando, ilifanya sherehe ya usiku mmoja kwa watoto na wazazi wao. Jina lake, Mickey's Not-So-Scary Halloween Party, lilikuwa ahadi kwa mzazi kwamba mtoto hatalia. Wageni hupewa mifuko na kukusanya peremende katika vituo vilivyotawanywa bustanini, hutazama gwaride, na huvaa kama wahusika wanaowapenda.

Masharti ya mavazi hudhihirisha jinsi kila upande unavyouchagua umati wake. Kwa siku za kawaida Disney haimruhusu mtu wa miaka 14 au zaidi kuvaa mavazi ya wahusika. Usiku wa Halloween humruhusu, ila bila kinyago cha kufunika uso. Hapo wageni wenyewe wanakuwa sehemu ya onyesho, na familia nzima iliyoshona mavazi ya aina moja hupigwa picha na watu isiowajua. Universal hukataza kabisa mavazi hayo na vinyago. Katika mtaa wenye giza, ni lazima ijulikane mara moja nani ameajiriwa kutisha na nani amelipa kutishwa. Universal pia hushauri kwamba watoto walio chini ya miaka 13 wasipelekwe.

Hivyo, umbali wa mwendo mfupi wa gari, yalikua makundi mawili ambayo hukutana mara chache. Moja huondoka saa 6 usiku likiwa na watoto waliolala mabegani. Jingine wakati huo huo bado liko foleni.

Hofu inavyotengenezwa mbele ya foleni

Nyumba ya vitisho ni njia moja nyembamba inayopita katika vyumba vingi, yenye matundu na mapazia meusi ambako waigizaji hujificha. Mwigizaji hubonyeza kitufe au kukanyaga pedali, sauti kubwa na mwanga wa kumulika huzuka, naye hujitokeza kwa sekunde moja au mbili kisha hurudi gizani. Hamgusi mgeni, na mgeni haruhusiwi kumgusa. Kwa kuwa kazi hiyo huchosha mwili na sauti, makundi ya waigizaji hupokezana zamu usiku kucha. Nje ya nyumba kuna mitaa ya vitisho, ambako waigizaji hutembea katikati ya watu. Chensoo zisizo na mnyororo huunguruma huko, kwa sababu mlio wake unatosha kumkimbiza mtu hata anapojua kwamba haziwezi kukata.

Kitisho hufaulu kikimkuta mtu asipokitarajia, na hapo ndipo idadi ya watu inapoingia. Kundi dogo likiachwa lipite peke yake, kila chumba hulikuta bila habari. Lakini bustani inayopokea maelfu ya watu kwa usiku mmoja haiwezi kusubiri. Katika nyumba kubwa za Universal wageni huingia kwa mfululizo, mgongo wa mmoja ukiwa karibu na uso wa mwingine. Mwigizaji akijitokeza kwa wa tano katika mstari, wa sita na wa saba wameshamwona. Wa nane atapita wakati pazia limefungwa na huenda asione chochote. Watu wawili walioingia pamoja hutoka na masimulizi tofauti kabisa, na maoni yao juu ya nyumba hiyo hutegemea bahati kuliko ufundi wa walioijenga.

Mitaani hesabu hiyo ni ya aina nyingine. Panapokuwa na watu wachache mno, mwigizaji huonekana akiwa mbali. Panapokuwa na watu wa kiasi, hupata pa kujificha nyuma ya kundi moja na kulivamia jingine, na yowe la mmoja huwashtua kumi. Umati ukizidi, watu husogea polepole kama mchanga uliolowa, na mwigizaji hukosa hata nafasi ya kunyanyua mikono. Chensoo inayounguruma mahali ambapo hakuna anayeweza kukimbia haichekeshi wala haitishi. Ndiyo maana wabunifu hushughulika sana na upana wa njia. Universal Orlando iliwahi kuhamishia tukio katika bustani yake jirani ya Islands of Adventure mwaka 2002, na mwaka 2006 ikalirudisha Universal Studios Florida. Mwaka 2012 ilijaribu kuacha mitaa maalumu ya vitisho na kuwatuma waigizaji wazunguke kwa makundi bustanini kote, mpango ambao haukudumu.

Kutoka usiku 3 hadi zaidi ya 40

Mafanikio yalirefusha msimu. Halloween Horror Nights ya Orlando, iliyoanza na usiku 3 na nyumba moja, sasa huwa na nyumba 10, huanza mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, na huchukua zaidi ya usiku 40. Sherehe ya Magic Kingdom, iliyokuwa ya usiku mmoja, huanza Agosti na hufanyika zaidi ya mara 30. Mwaka 2024 tiketi yake ilikuwa kati ya dola 119 na 199 kulingana na tarehe. Wengine waliingia katika mkumbo huo: Cedar Point ya Ohio mwaka 1997, Busch Gardens ya Williamsburg mwaka 1999, na ile ya Tampa mwaka 2000.

Msimu mrefu umegawa wageni kwa tarehe. Usiku wa ufunguzi huwa wa mashabiki. Wanajua majina ya wabunifu, wamefuatilia matangazo ya nyumba tangu mapema mwaka huo, na wengi wamenunua pasi ya usiku mwingi inayowawezesha kurudi kila wiki. Hali huwa ya kirafiki, watu wakilinganisha nyumba na kuzipanga kwa ubora. Kasoro yake ni kwamba watu hao hawashtuki kirahisi. Huingia kukagua mandhari, taa na mavazi ya waigizaji. Usiku wa Jumatano na Alhamisi wa Septemba huwa na nafasi, na ndio unaopendelewa na wanaotaka kuona nyumba zote. Ijumaa na Jumamosi za Oktoba ni za vijana, makundi ya wafanyakazi na wasafiri waliotoka mbali. Hapo foleni ya nyumba moja maarufu inaweza kuzidi saa mbili, kwa onyesho la dakika chache. Mayowe huwa mengi zaidi, na subira huwa haba zaidi.

Kalenda hiyo ndefu huleta pia hali ya hewa isiyofanana na sikukuu. Mwanzoni mwa Septemba, jioni ya Orlando huwa na joto la karibu nyuzi 30 na unyevunyevu mwingi, na mvua ya radi inaweza kuwaondoa waigizaji wote mitaani. Msimu huo ni wa vimbunga pia: Oktoba 2024, Kimbunga Milton kilifanya bustani za Universal Orlando zifungwe Oktoba 9 na 10, na walioshika tiketi za tarehe hizo wakalazimika kujipanga upya katika usiku ambao ungejaa hata bila wao.

Foleni mbili

Msongamano ulipogeuka kuwa kero, bustani zilianza kuuza njia ya kuukwepa. Pasi za haraka humwezesha mgeni kupita mlango wa pembeni wenye foleni fupi, na katika usiku wa Oktoba bei yake hupita ya tiketi yenyewe. Juu zaidi kuna ziara za kuongozwa, ambamo kundi dogo hupelekwa na mfanyakazi hadi mlango wa kila nyumba. Wageni wa mchana nao huweza kubaki bustanini katika maeneo yaliyotengwa, ili wafike kwenye nyumba za kwanza kabla ya malango kufunguliwa rasmi, jambo ambalo kwa Orlando hufanyika saa 12 na nusu jioni.

Mpango huo umewapa watu wa usiku mmoja usiku usiofanana. Mwenye pasi huona nyumba zote 10 na kupata muda wa kula. Asiye nayo hupita nne au tano, tena akiwa ametazama kwa muda mrefu wengine wakimpita pembeni. Kwa kuwa mlango huo wa pembeni hupewa nafasi kwanza, kila pasi inayouzwa huirefusha foleni ya kawaida na kuongeza thamani ya pasi inayofuata. Umati uliokuwa ukishiriki usumbufu mmoja umegawanyika katika tabaka zinazotazamana.

Wengi wa wanaosubiri hununua vinywaji. Universal huuza pombe mitaani, na wahudumu hupita hadi karibu na foleni. Kiasi chake huchangamsha, lakini usiku ukisonga huwapa kazi walinzi na waigizaji, kwani mlevi aliyeshtuliwa anaweza kurusha ngumi kabla ya kufikiri. Chakula nacho kimekuwa sababu ya kuja: siku hizi kuna vyakula vya msimu vinavyopigwa picha kwa wingi kama nyumba zenyewe, na Knott's hutumia beri zake katika kila kitu kuanzia mchuzi wa nyama hadi vinywaji.

Filamu zinapoleta wageni wapya

Katika miaka ya mwanzo nyumba nyingi zilitokana na ubunifu wa ndani. Universal ilijitengenezea hata mhusika wake mkuu, chale mwenye uso wa kutisha aitwaye Jack, aliyeanza mwaka 2000. Polepole kampuni hiyo ilianza kukodi majina makubwa. Tamthilia ya televisheni ya The Walking Dead ilionekana Orlando tangu mwaka 2012, na mwaka 2013 mitaa yote ya vitisho ikawa yake. Stranger Things ilifuata mwaka 2018, na The Last of Us, iliyotokana na mchezo wa video, mwaka 2023. Mwaka 2022 mwanamuziki The Weeknd alipata nyumba yake.

Majina hayo yaliwavuta watu ambao hawakuwa wapenzi wa vitisho. Shabiki wa tamthilia huja kuona sebule aliyoizoea ikiwa imejengwa mbele yake na kutembea ndani yake. Furaha yake ni ya kutambua. Mpenzi wa vitisho hutaka kinyume, kwani kinachojulikana hakishtui sana. Bustani hujitahidi kuwaridhisha wote kwa kuchanganya nyumba za majina makubwa na za ubunifu wa ndani, na matokeo yake hujirudia karibu kila mwaka: majina makubwa huwa na foleni ndefu zaidi, lakini mashabiki wa kudumu husifu zile ambazo hazijatoka katika filamu yoyote.

Simu za mkononi zimeongeza badiliko jingine. Kupiga video ndani ya nyumba kunakatazwa, kwa sababu mwanga wa kioo huharibu giza na anayepiga picha huuchelewesha mstari mzima. Mitaani picha zinaruhusiwa, na hapo waigizaji wamegeuka kuwa watu wa kupigwa nao picha. Kundi likimzunguka mwigizaji kwa simu zilizonyanyuliwa, yeye hana tena wa kumvizia.

Ghasia na sheria ya msindikizaji

Mwaka 2022 bustani za Marekani zilikabiliwa na tatizo la aina nyingine. Julai 16, mapigano ya vijana yalifanya Knott's ifunge mapema, kisha ikatangaza kwamba katika siku fulani kijana wa miaka 17 au chini lazima afuatane na mtu mzima wa miaka 21 au zaidi. Septemba 17, katika msimu wa Halloween wa Carowinds, bustani iliyo mpakani mwa North Carolina na South Carolina, mapigano yalizua uvumi wa risasi; watu walikimbia, bustani ikafungwa, na polisi hawakupata dalili ya bunduki kufyatuliwa. Wiki moja baadaye, Septemba 24, risasi zilifyatuliwa kweli katika bustani ya Kennywood karibu na Pittsburgh, wakati wa sherehe yake ya vitisho, na watu 3 wakajeruhiwa. Ilipofunguliwa tena, Kennywood iliongeza ukaguzi na taa, na ikaanza nayo kudai wasindikizaji.

Kampuni ya Cedar Fair, iliyomiliki Knott's na Carowinds, ilieneza sheria hiyo katika bustani zake nyingi. Sura yake ya kawaida ni hii: mwenye miaka 15 au chini haingii wala habaki baada ya saa 10 jioni bila mtu mzima wa miaka 21 au zaidi, na mtu mzima mmoja hawezi kusindikiza zaidi ya vijana 10. Kampuni nyingine ya bustani, Six Flags, ilifuata kwa baadhi ya bustani zake mwaka 2023.

Bei nayo ilitumika kama lango. Kwa miaka mingi pasi za msimu za Six Flags zilikuwa rahisi, na ziliwapa vijana mahali pa kukaa kila Ijumaa usiku, sherehe yake ya Halloween, Fright Fest, ikiwamo. Mwaka 2022 mkuu wa kampuni, Selim Bassoul, alilalamika hadharani kwamba bustani zilikuwa zimegeuzwa malezi ya bei nafuu ya matineja, naye akapunguza punguzo za bei. Wageni walishuka kutoka milioni 27.7 mwaka 2021 hadi milioni 20.5 mwaka 2022. Julai 2024 Six Flags na Cedar Fair ziliungana.

Athari kwa hali ya usiku ni mchanganyiko. Palipo na wasindikizaji, jioni zimetulia na familia zenye watoto wakubwa zimerudi. Lakini waliozuiwa ni wa umri ule ule uliojaza Ghost Town mwaka 1973, umri unaopiga mayowe kwa sauti kubwa zaidi na unaopenda kutishwa mbele ya marafiki. Tena, taa zilizoongezwa kwa ajili ya usalama huondoa giza, na giza ndilo lililokuwa mandhari.

Moto, msongamano na vyumba vyembamba

Sheria nyingine za usiku huu zilitokana na vifo. Mei 11, 1984, moto ulizuka katika Haunted Castle, jumba la vitisho la Six Flags Great Adventure huko New Jersey. Jumba hilo lilitengenezwa kwa matrela yaliyounganishwa, halikuwa na mfumo wa kunyunyiza maji wa kuzima moto, na vijana 8 walikufa wakishindwa kuiona njia ya kutokea. Baada yake, kanuni za ujenzi za Marekani zilikazwa kwa majengo ya namna hiyo: vinyunyizio, vitambua moshi, na taa zinazowaka zenyewe kengele ikilia. Septemba 2017, mgeni wa miaka 21 alifariki ndani ya nyumba ya vitisho ya Ocean Park, Hong Kong, baada ya kugongwa na jeneza la mtambo alipopita mahali pasipokusudiwa kwa wageni.

Hatari ya umati wenyewe ilionekana nje ya bustani. Oktoba 29, 2022, katika mtaa wa Itaewon jijini Seoul, watu 159 walikufa kwa kubanwa katika kichochoro chenye upana wa takriban mita 3.2, wakisherehekea Halloween katika eneo lisilo na tiketi, lango wala anayehesabu walioingia. Msongamano ukipita watu watano au sita kwa mita moja ya mraba, mtu hupoteza uwezo wa kuchagua aendako, na msukumo hupita katika miili kama wimbi. Bustani za Everland na Lotte World nchini Korea Kusini zilifuta sherehe zao za Halloween zilizobaki. Bustani yenye malango huwa na kinga ambazo mtaa wa wazi hauna: idadi ya tiketi ina kikomo, njia huelekezwa upande mmoja, na wafanyakazi huweza kuzuia mtaa uliojaa.

Dunia ya nje inapoingia

Kinachovumilika kama mzaha hubadilika kufuatana na nyakati. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Universal Orlando iliendelea na tukio lake lakini ikaondoa damu na kupunguza ukatili wa mandhari, kwa kuwa nchi ilikuwa katika maombolezo. Mwaka 2016 Knott's ilifungua onyesho la FearVR: 5150, lililohusu hospitali ya wagonjwa wa akili na lililobeba namba ya kifungu cha sheria ya California juu ya kumlaza mgonjwa bila ridhaa yake. Watetezi wa wagonjwa walipinga, na likafungwa siku chache baada ya kuanza.

Mwaka 2020 ugonjwa wa Uviko-19 ulifuta kabisa Halloween Horror Nights. Universal Orlando ilifungua nyumba chache mchana, wageni wakiachiana nafasi, na Knott's ikafanya sherehe ya chakula ya nje. Katika nyumba zile za mchana makundi madogo yalipita peke yake, kila kitisho kikiwalenga wao, ingawa mitaa ya vitisho ya usiku haikuwepo. Misimu iliyofuata ilirudisha umati mkubwa, kwa wingi wa waliokosa mwaka mzima.

Nje ya Marekani

Uingereza ilipokea desturi hii kupitia Thorpe Park mwaka 2002 na Alton Towers mwaka 2007, ambako inaangukia likizo fupi ya shule ya mwishoni mwa Oktoba. Kwa hiyo familia na vijana hubanana katika siku chache zile zile, na usiku wenyewe ni wa baridi, jambo linalofaa mandhari kuliko joto la Florida.

Japani imeonyesha njia ya pekee. Universal Studios Japan, iliyoko Osaka, ilianza Halloween Horror Nights mwaka 2011 kwa kuwaachia mazombi mitaani jioni, bila tiketi ya ziada. Hapo wageni huvaa mavazi yao, hukimbizwa, na katika miaka ya karibuni hucheza dansi pamoja na mazombi hao. Kinachotafutwa ni uhuru wa kupiga kelele hadharani pamoja na wengine.

Kupunguza watu, au kuongeza usiku

Wenye bustani wana njia chache za kurekebisha hali ya usiku. Wanaweza kuuza tiketi kwa tarehe na kupandisha bei ya Jumamosi, ili baadhi ya watu wahamie Jumatano. Wanaweza kuongeza nyumba, ili foleni zigawanyike, ingawa kila nyumba huhitaji waigizaji wapya wanaofunzwa kwa haraka. Wanaweza kurefusha msimu. Au wanaweza kuuza tiketi chache zaidi, njia inayoleta usiku bora na mapato madogo.

Hatua ya karibuni ni kuitenga hofu na kalenda. Mei 2025 Universal ilifungua Orlando bustani ya Epic Universe, yenye eneo la kudumu la mazimwi ya filamu zake za zamani. Agosti mwaka huo ikafungua Las Vegas kituo cha Universal Horror Unleashed, chenye nyumba za vitisho zinazofanya kazi mwaka mzima. Vituo vya namna hiyo huweza kusambaza wageni katika miezi 12 na kuwaingiza kwa makundi madogo. Kwa upande wa ufundi wa kutisha, hiyo ni faida. Kwa upande wa hali ya mahali, hupungua kile kilichowavuta vijana wa California mwaka 1973: usiku mchache, mahali panapojulikana, na umati wa rika moja uliokubaliana kuogopa pamoja.